Sura ya Nne: Uliza Kwanza Mchoraji Amebadilisha Nini

Mtu akisimama mbele ya picha ya majengo yenye kuta zilizopinda na rangi zilizokolezwa, neno la kwanza kumtoka huwa la hisia: picha hii ina huzuni, ile ina hofu, ile nyingine imechangamka. Ukimuuliza amejuaje, ama hukosa la kusema ama hujibu kwamba ndivyo anavyoona. Sura hii inatetea hoja moja. Hisia ya picha ya majengo husomeka katika umbo lake, na mahali pa kuanzia kuisoma ni pale mchoraji alipoachana na jengo lenyewe. Nyumba ina kimo na upana, ina upande inaoelekea, ina rangi ya bati na ya udongo. Mambo hayo huonekana na kila apitaye, na yeyote anaweza kwenda kuyakagua. Mchoraji anapoyabadilisha ametoa uamuzi, na uamuzi huo ndio ushahidi tulio nao. Anayeuruka akakimbilia hisia anapiga ramli. Mji wa Kigali unafaa sana kwa somo hili, kwa sababu mbili. Umekaa juu ya vilima, hivyo mkazi wake hulijua jengo moja kwa sura nyingi: akiwa bondeni huliinulia macho, akiwa kilima cha pili hulitazama paa. Tena ni mji wenye historia nzito, ambayo mtazamaji huingia nayo ukumbini kabla hajaona picha hata moja. Sababu ya kwanza humsaidia kusoma. Ya pili, asipojihadhari, humpotosha.

Tuchukue kwanza mji mwingine wa mlimani, ambao picha yake imechunguzwa kwa miaka mingi. Karibu na mwaka 1600 El Greco aliuchora mji wa Toledo, Hispania, katika picha ambayo leo iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mji umejipanga juu ya ukingo wa kilima, majengo yake ni ya kijivu, na juu yake mawingu ya dhoruba yamepasuka na kuachia mwanga mkali. Aliyefika pale hugundua jambo: kutoka upande ule mnara wa kanisa kuu hauonekani. El Greco ameuhamisha, akauweka kushoto kwa ngome ya kifalme, ili majengo makubwa mawili ya mji, la dini na la mfalme, yasimame pamoja juu ya mteremko mmoja chini ya mbingu ile. Kuhamisha huko hakukuwa bahati mbaya. Katika picha nyingine ya mji huohuo, aliyoichora miaka kadhaa baadaye, aliandika ndani ya picha yenyewe maelezo kwamba hospitali ya Tavera ameiondoa mahali pake na kuipandisha juu ya wingu, kwa kuwa ingeliziba lango la mji, na kwamba ameigeuza ili uso wake uonekane. Mchoraji mwenyewe, basi, ametuachia kanuni: majengo katika picha husogezwa kwa sababu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa. Tukirudi kwenye picha ya dhoruba, hatuna haja ya kusema tu kwamba inatisha. Tunaweza kusema kwamba mji umebanwa kati ya kijani kibichi cha chini na weusi wa juu, kwamba mnara umeletwa pale ili ncha zake zichome mawingu, na kwamba hofu tunayoihisi imejengwa kwa hatua hizo, moja baada ya nyingine.

Kanuni hiyo ikiletwa Kigali, mkazi wa kawaida anageuka kuwa shahidi bora kuliko msomi wa mbali. Jengo la mikutano la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, liko Kimihurura. Kuba lake la mviringo linakumbusha nyumba ya kifalme ya nyasi, kama ile iliyojengwa upya katika makumbusho ya Nyanza, na usiku huwaka taa za rangi zinazolizunguka. Minara ya maduka na benki iko kilima kingine, Nyarugenge, na katikati kuna bonde. Mchoraji akilisogeza kuba hadi likagusana na minara ile, mkazi atajua mara moja kwamba bonde limefutwa, na swali litazuka lenyewe: kwa nini? Pengine anataka umbo la duara la zamani na mistari ya wima ya leo vishindane. Jibu litategemea alivyovipima. Kuba likiwa kubwa na minara ikiwa vijiti nyuma yake, duara linatawala na picha inatulia. Minara ikilizidi na kuliinamia, picha inabana kifua. Akiliacha bonde lilivyo na kulitandaza likachukua nusu ya turubai, majengo hupoteza uzito wake na ardhi ndiyo inayosema. Ni majengo yaleyale katika picha tatu, na hisia tatu tofauti, na katika kila moja tunaweza kuweka kidole juu ya kilicholeta tofauti.

Ujuzi huo wa mwenyeji una kazi nyingine, nayo ni kutuzuia tusiite hisia kile ambacho ni hali ya hewa tu. Kigali iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua hukaribia utosi mwaka mzima na vivuli vya kuta huwa vifupi. Kwa hiyo picha ya mtaa wa Nyamirambo yenye vivuli virefu vilivyolala barabarani inatuambia kwamba ni asubuhi au ni jioni, au kwamba mchoraji amevirefusha kwa makusudi. Ikiwa mapaa yanang'aa kwa jua la utosini na papo hapo vivuli vimetambaa hadi nyumba ya pili, hapo ndipo hisia inapotengenezwa, kwa kuwa nyakati mbili zisizokutana zimekutanishwa. Vivyo hivyo na kijivu. Katika miezi ya mvua, ukungu wa asubuhi hujaa mabondeni na vilima vikabaki kama visiwa. Mchoraji aliyepaka bonde kijivu huenda ameandika tu alichokiona alfajiri. Lakini kijivu hicho kikipanda hadi juu ya kilima na kuingia madirishani, mahali ambapo ukungu haufiki hivyo, mchoraji ameondoka kwenye hewa na kuingia moyoni. Mtazamaji wa Ulaya anaweza asiione tofauti hiyo. Mtu wa Kigali anayo bila kufundishwa, na inasikitisha kumwona akiiacha mlangoni, akidhani kwamba sanaa inahitaji maarifa mengine.

Sasa tuisogelee picha moja na tuisome polepole. Mwezi Juni 1890 Vincent van Gogh alichora kanisa la kijiji cha Auvers, kaskazini mwa Paris, kwenye turubai yenye kimo cha karibu sentimita 94. Picha iko katika jumba la Orsay, Paris. Uamuzi wake wa kwanza ni mahali pa kusimama: yuko upande wa nyuma wa kanisa, kwa hiyo hakuna mlango unaoonekana. Jengo la kuingiwa limekuwa jengo la kuzungukwa. Uamuzi wa pili ni mistari. Kanisa la mawe la karne ya 13 lina kona zilizonyooka, lakini hapa ukingo wa paa unayumba na kuta zimechorwa kwa mikwaruzo inayotambaa, ingawa hakuna jiwe hata moja linaloanguka. Wa tatu ni mwanga. Njia ya mchanga na majani yenye maua vimepigwa na jua la mchana. Mbingu, kinyume chake, ni buluu nzito inayozidi weusi kwenye pembe za juu, na madirisha yana buluu ya usiku. Wa nne ni njia yenyewe, ambayo inagawanyika mara mbili mbele ya kanisa na kulipita kushoto na kulia, na mwanamke mmoja anakwenda kushoto akiwa ametupa mgongo. Ziweke hatua hizi nne pamoja. Chini ni mchana, juu ni usiku. Jengo limesimama imara, mistari yake haitulii. Njia zipo, na hakuna hata moja inayoishia mlangoni. Kuiita picha hii ya huzuni ni kusema kidogo mno, maana majani yake yana furaha na rangi ya chungwa kwenye paa inawaka. Jina linalolingana zaidi na ushahidi ni mvutano: mwito wa jengo na kunyimwa nafasi ya kuliingia, vyote kwa pamoja. Hisia ya kweli ya picha mara nyingi haikai katika neno moja, na ndiyo maana tunahitaji umbo ili kuitaja sawasawa.

Hapo huja pingamizi la kwanza. Watasema: Van Gogh alikufa tarehe 29 Julai 1890, wiki chache baada ya picha hii, kwa jeraha la risasi aliyojipiga. Je, hatupaswi kuisoma kama kwaheri yake? Wengi wameisoma hivyo, wakaona kaburi katika kila dirisha. Lakini barua aliyomwandikia dada yake mwanzoni mwa Juni mwaka huo inaeleza picha hii kwa lugha ya fundi anayeridhika na kazi yake: anazungumzia rangi ya zambarau ya jengo, buluu ya mbingu, urujuani na chungwa vya paa, na jua katika mchanga. Anailinganisha na mnara wa zamani aliouchora Uholanzi, na kuona kwamba safari hii rangi zimekuwa na uwezo na utajiri zaidi. Barua haithibitishi kwamba moyo wake ulikuwa mweupe. Inathibitisha kwamba kifo cha Julai hakimo ndani ya picha ya Juni. Sisi ndio tuliokiingiza, kwa kuwa tunajua mwisho.

Jambo hilohilo, kwa uzito mkubwa zaidi, hutendeka kwa wachoraji wa Kigali. Mgeni anayejua kitu kimoja tu kuhusu Rwanda, yaani mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, akiona nyumba nyeusi ataona mauaji, akiona mlango wazi ataona waliokimbia, akiona rangi nyekundu ataona damu, hata kama nyekundu ile ni udongo wa barabara ya Kigali baada ya mvua. Mahali penyewe pa kuonea picha panaweza kumsukuma huko. Jumba la makumbusho la sanaa la Rwanda, lililofunguliwa mwaka 2018, liko Kanombe ndani ya nyumba iliyokuwa makazi ya Rais Habyarimana, na mabaki ya ndege yake iliyodunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 yako jirani na ua wake. Mtu anaingia tayari ameinamisha kichwa. Ni haki kuinamisha kichwa Kanombe. Si haki kumnyang'anya mchoraji aliyechora soko la asubuhi, au vijana wa mtaani, au paa la jirani yake, ruhusa ya kuchora alichokichora. Kufanya hivyo ni kuwaambia wasanii wa nchi nzima kwamba wana mada moja tu, hata wakichora nini.

Lakini pingamizi hili lina upande wake wa pili, na una nguvu. Je, historia iachwe nje kabisa? Haiwezekani, na mfano mmoja unatosha kuonyesha sababu. Van Gogh alilipa kanisa lake rangi ya zambarau kwa sababu za upangaji wa rangi: zambarau ilikaa vizuri dhidi ya buluu na chungwa. Nchini Rwanda zambarau ilikuwa kwa miaka mingi rangi ya vitambaa vya kumbukumbu za mwezi Aprili, kabla kijivu hakijashika nafasi hiyo. Mchoraji wa Kigali anayepaka ukuta zambarau hawezi kujifanya hajui watu wake watakumbuka nini, na mtazamaji anayelijua hilo anajua kitu cha kweli kuhusu picha. Historia, basi, ni shahidi halali. Ninachokitetea ni utaratibu wa kesi. Shahidi huyu asiitwe wa kwanza, na asitoe ushahidi peke yake. Tuangalie kama zambarau ile imepewa nafasi katika umbo: je, iko ukuta mmoja tu, katikati, ikizungukwa na rangi tulivu? Je, ukuta huo hauna dirisha wakati kuta zote jirani zina madirisha? Kama umbo linaelekeza hapo, historia inakuja kuthibitisha, na usomaji unasimama kwa miguu miwili. Kama zambarau imetapakaa picha nzima, kwenye mawingu, migomba na mashati ya wapita njia, usomaji wa maombolezo umebaki na mguu mmoja, na msomaji mwaminifu atausema kwa sauti ya chini.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa: hisia ni ya mtazamaji, wala turubai haina moyo. Mmoja anaona utulivu pale ambapo mwenzake anaona upweke. Nani wa kuamua? Ni kweli turubai haina moyo. Hata hivyo, kama hisia ingekuwa ya mtazamaji peke yake, isingebadilika mtu yuleyule anapotazama picha mbalimbali za jengo lilelile. Claude Monet aliliweka jambo hili kwenye majaribio bila kukusudia falsafa. Mwaka 1892 na 1893 alichora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara thelathini, akiwa katika vyumba vilivyolitazama kwa karibu, akazimalizia picha hizo nyumbani, na mwaka 1895 akaonyesha 20 kati yake mjini Paris. Jengo halikubadilika, na mahali pa kusimama palibadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni rangi, uzito wake, na kiasi ambacho kingo za mawe zimeachwa zionekane au zimeyeyushwa. Katika moja kanisa ni jiwe la buluu lililojifungia. Katika nyingine ni nuru ya dhahabu inayokaribia kutoweka. Mtazamaji ni yuleyule na jengo ni lilelile, lakini hisia imehama. Imehama kwa sababu umbo limehama.

Wanyarwanda wana uthibitisho wao wa jambo hili, tena wa zamani kuliko Monet, nao ni imigongo, mapambo ya ukutani ya Gisaka, mashariki mwa nchi. Mapokeo humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa njia hii. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole juu ya ukuta au ubao kuwa matuta yaliyoinuka, ikakaushwa, ikalainishwa, kisha ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe hutoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo wenye kutu, na nyeusi kwenye majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Haina mtu wala mti, haina hadithi wala nyumba iliyochorwa. Ina pembe, miraba ya mshazari na duara zinazojizungusha. Hata hivyo hakuna anayechanganya ukuta wa pembe kali zilizobanana na ukuta wa duara pana. Wa kwanza unaharakisha jicho na kulikatiza, wa pili unalizungusha na kulituliza. Matuta yenyewe hushika mwanga wa pembeni, ukuta ukawa na kivuli chake mwenyewe asubuhi na ukatulia mchana. Jamii iliyoishi na kuta za namna hii kwa vizazi haihitaji kuambiwa kwamba mstari una hisia. Inahitaji tu kuamini kwamba ujuzi ule wa ukutani unafaa pia mbele ya turubai.

Limebaki pingamizi la tatu, linalosemwa mara nyingi kwa mnong'ono: huenda nyumba imepinda kwa sababu mchoraji hajui kuinyoosha. Kwa upande wa Ulaya jibu ni la kihistoria. Kikundi cha Die Brücke, kilichoanzishwa Dresden mwaka 1905 na kuwa chimbuko la ekspreshonizimu ya Ujerumani, kiliundwa na wanafunzi wanne wa usanifu majengo, Ernst Ludwig Kirchner akiwa mmojawao. Hawa ndio watu waliofundishwa kunyoosha kuta kwa rula, na wakaamua kuzipindisha. Kwa Kigali jibu hilo halitoshi. Rwanda ina shule ya sanaa ya Nyundo tangu mwaka 1952, lakini wachoraji wengi waliokulia katika vituo kama Ivuka, kilichoanzishwa na Collin Sekajugo mwaka 2007, na Inema, kilichoanzishwa Kacyiru mwaka 2012 na ndugu Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, walijifunzia kazini. Cheti hakiwezi kuwa kipimo chetu. Kipimo kiko ndani ya picha, nacho ni uelekeo. Kosa la mkono halina uelekeo: dirisha moja limepinda kulia, jingine kushoto, kivuli kimoja kimesahauliwa. Uamuzi una uelekeo: nyumba zote zinainamia uchochoro mmoja, au mapaa yote yanazidi kukolea rangi kadiri yanavyokaribia mtu mmoja aliyesimama. Mabadiliko yakivuta upande mmoja, tuna haki ya kuyaita lugha, awe aliyechora amesoma chuo au hakusoma. Yasipovuta popote, tuwe wakweli na tuseme picha haijafaulu. Heshima kwa msanii ni pamoja na kumwambia hivyo.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna kinachopotea tukilipuuza. Mji unaobadilika kwa kasi kama Kigali, ambako mtaa wa leo unaweza kuwa ghorofa kesho, unahitaji wachoraji watakaoeleza jinsi ilivyo kuishi katikati ya mabadiliko hayo, na wachoraji hao wanahitaji watazamaji wanaosoma walichofanya badala ya kuwawekea maneno mdomoni. Sifa ya jumla kwamba picha inagusa haimsaidii msanii hata kidogo, wala lawama ya jumla kwamba haieleweki. Kinachomsaidia ni mtu wa mtaa wa Biryogo anayemwambia: mteremko huu naufahamu, umeuongeza ukali, na ngazi umezifanya nyembamba hadi mtu hawezi kupishana na mwenzake, nimeelewa kwa nini pumzi inanibana. Basi utakapokwenda Kanombe au Kacyiru, chagua picha moja tu ya majengo na uipe muda. Jiulize jengo hili likoje kwa kweli. Jiulize mchoraji amebadilisha nini, na mabadiliko hayo yanavuta upande gani. Historia na maisha ya mchoraji viite baada ya hapo. Hisia utakayoitaja mwishoni itakuwa yako, na utaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.